Flopi za Pwani Zinaoza: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Programu za Kompyuta za Zamani na Kuzigawa

Boksi lilikuwa la viatu, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na flopi, zile diski laini za kuhifadhia kazi za kompyuta za zamani, 43 za inchi 3.5 na tano kubwa za inchi 5.25 zilizoanza kujikunja pembeni. Mzee aliyeniletea hapa Chikongola, Mtwara, alikuwa karani wa chama cha msingi cha korosho hadi alipostaafu. "Mwanangu, humu mna kazi yangu ya miaka kumi," akaniambia. "Kompyuta yenyewe walishaiuza chuma chakavu." Nikasogeza kibati cha flopi ya juu kabisa kwa kidole gumba. Kwenye sahani ya kahawia, ukungu mweupe umetapakaa kama unga wa muhogo uliomwagika sakafuni.

Kazi ya lile boksi ndiyo iliyonifundisha mengi ya haya ninayoandika, mengine kwa kukosea. Flopi haifi haraka kwa sababu ya sumaku yake. Huku kwetu kinachoiua ni unyevu. Ukungu huota juu ya gundi inayoshikilia zile chembe za sumaku, na hewa ya chumvi hutia kutu vile vibati na springi zake. Flopi iliyokaa kabatini Iringa na iliyokaa Mikindani miaka ileile hazina hali moja. Kwa hiyo kama una boksi kama lile chini ya kitanda, au unajua ofisi yenye kabati la namna hiyo, lisisubiri masika ijayo.

Uokoe nini kwanza

Wengi wanaonifuata huanza kuniuliza habari za Windows 95 au michezo ya DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotangulia Windows. Hizo ziache kwanza. Dunia ina nakala za Windows 95 za kutosha, na WordPerfect 5.1 ya mwaka 1989 imeshahifadhiwa na watu wengi wenye vifaa kutuzidi. Kinachoweza kupotea moja kwa moja ni kile kilichoandikwa hapa: programu ya leja ya chama cha korosho, ya mishahara ya shule, ya orodha ya wagonjwa ya zahanati ya misheni. Mara nyingi iliandikwa na mtu mmoja, ikatumika kwenye ofisi moja, na nakala yake ni ile flopi tu.

Historia yetu nayo inakupa picha ya utakachokikuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo halikuondolewa kabisa hadi miaka ya 1990. Ndiyo maana huku ni nadra kukuta Commodore au Apple za miaka ya 80 ambazo wazungu wanazigombania. Utakuta kompyuta zenye chipu za 386, 486 na Pentium, nyingi zimeingia zikiwa zimeshatumika Ulaya, zikiendesha DOS na Windows 3.1 au 95. Na programu za ofisini ziliandikwa kwa dBASE au Clipper, lugha za kutengenezea hifadhidata, kwa sababu karani mwenye akili na kitabu kimoja aliweza kujifundisha.

Baada ya hizo za nyumbani, tafuta programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ukikuta CD yake kwenye droo ya mwalimu yeyote, usiitupe.

Vifaa

Huhitaji vingi. Laptopu yoyote inayowaka, hata ya zamani, na flashi yenye Ubuntu ya kuwasha bila kusakinisha. Draivu ya flopi ya USB kwa zile za inchi 3.5. Spiriti ya aina ya isopropili ya asilimia 99, ile mafundi simu wanayosafishia bodi. Ya duka la dawa yenye asilimia 70 ina maji mengi mno. Vijiti vya pamba. Vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba, anza kuvikusanya leo. Kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana.

Flopi kubwa za inchi 5.25 draivu ya USB haiziwezi. Hapo unahitaji draivu yenyewe kutoka kompyuta ya zamani, pawasaplai ya kompyuta ya mezani (draivu hizo zinataka volti 12, na USB haitoi), na bodi ndogo ya saketi iitwayo Greaseweazle inayounganisha kebo bapa ya pini 34 na laptopu. Greaseweazle haisomi mafaili. Inasoma mapigo ya sumaku yenyewe jinsi yalivyo kwenye sahani, halafu unayatafsiri baadaye. Ukiwa na flopi nyingi mbovu, hiki ndicho kifaa cha kuagiza kwanza, kabla hata ya laptopu bora.

Kabla hujaingiza chochote

Funga uandishi. Kwenye flopi ndogo, sogeza kile kidude cha plastiki mpaka tundu libaki wazi. Kwenye flopi kubwa ni kinyume: kile kipengele kilichokatwa pembeni unakiziba kwa kipande cha selotepu. Usione ni ushamba. Windows 95 na ndugu zake huandika baiti chache kwenye sekta (kipande kidogo cha data) ya kwanza ya flopi isiyofungwa, hata kama umefungua tu kuangalia kilichomo.

Kisha chambua kwa macho. Sogeza kibati, zungusha kitovu cha chuma kwa kidole, uitazame sahani yote kwenye mwanga wa dirisha. Tenga mafungu matatu: safi, zenye vumbi, zenye ukungu. Soma safi kwanza na zenye ukungu mwisho. Mimi nilianza na ile ya juu ya boksi kwa kuwa ilikuwa ya juu tu, na nikalipia: ukungu ukaganda kwenye hedi ya draivu, kile kichwa kinachosoma sahani, flopi iliyofuata, safi kabisa, ikachorwa mstari wa duara ambao hautatoka. Sekta kadhaa za leja ya wakulima zikaenda na mstari huo. Mzee hakusema kitu. Aliitazama tu ile flopi kwa muda, akairudisha mezani.

Ukungu mwepesi unafutwa kwa kijiti cha pamba kilicholowa spiriti kidogo, ukizungusha sahani taratibu, pande zote mbili, na kubadilisha kijiti kila mzunguko. Acha ikauke. Flopi kubwa iliyooza sana unakata ukingo wa mfuko wake, unaitoa sahani, unaiosha kwa maji ya kuongezea betri ya gari (soma chupa vizuri, yapo mengine ni asidi) na tone la sabuni ya vyombo, unaisuuza kwa maji hayohayo, unaianika kivulini, kisha unaiweka kwenye mfuko wa flopi nyingine isiyo na thamani. Maji ya bomba huacha chumvi. Petroli na tina zinayeyusha kila kitu, usijaribu. Na hedi za draivu uzisafishe kila baada ya flopi yoyote yenye shaka.

Kusoma

Kanuni ni moja: usinakili mafaili, nakili diski nzima, sekta kwa sekta, iwe faili moja la imeji. Mafaili yakinakiliwa peke yake unapoteza sekta ya kuwashia, mpangilio na tarehe, na programu nyingine hukataa kuwaka.

Fungua terminali, andika `lsblk` uone draivu yako imepewa jina gani. Flopi itaonekana yenye ukubwa wa 1.4M. Tuseme ni sdb. Kisha tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

`sudo ddrescue -d -n -b512 /dev/sdb korosho-03.img korosho-03.map`

Chanzo kinatangulia, mwisho wa safari unafuata. Ukigeuza, unaweza kuifuta flopi, na ndiyo sababu nyingine ya kile kidude kukaa wazi. Amri hii inachota kwanza sekta zote zinazosomeka kirahisi bila kung'ang'ania mbovu. Ikimaliza, rudia ukiwa umeitaka ing'ang'anie mara tatu:

`sudo ddrescue -d -r3 -b512 /dev/sdb korosho-03.img korosho-03.map`

Lile faili la .map usilifute. Ndani yake mna kumbukumbu ya sekta zipi zimesomwa na zipi bado, hivyo umeme ukikatika katikati, na utakatika, unarudia amri ileile na kazi inaendelea ilipoishia. Faida ya pili: unaweza kuitoa flopi, kuisafisha, kuiweka kwenye draivu nyingine, na kuendelea kujaza mapengo ya imeji ileile. Draivu mbili zisizolingana hedi husoma sekta tofauti. Flopi tano za yule mzee zilikamilika kwa njia hiyo, nusu hapa kwangu na nusu kwa fundi mwenzangu wa Lindi.

Sikiliza. Flopi nzima inasoma kwa mlio wa hatua zinazolingana, tk-tk-tk. Ukisikia krrr, kimya, krrr, inarudia sehemu moja. Ikianza kukwaruza, itoe hapohapo, usingoje amri imalize.

Hakiki ukubwa. Flopi ya kawaida ya inchi 3.5 ina traki (mizunguko ya data) 80, pande 2, sekta 18 kwa kila traki, baiti 512 kwa sekta. Zidisha: imeji lazima iwe na baiti 1,474,560 kamili. Ile ya zamani yenye tundu moja tu ina sekta 9, kwa hiyo 737,280. Ikipungua hata baiti moja, hujamaliza.

Kuona kilichomo bila kuigusa flopi tena:

`mdir -i korosho-03.img ::`

Kwa Greaseweazle, chukua mapigo kwanza, tafsiri baadaye:

`gw read --revs=5 korosho-44.scp`

`gw convert --format=ibm.1440 korosho-44.scp korosho-44.img`

Flopi kubwa nyingi ni za 360K, zenye traki 40. Kwenye mstari wa pili weka `ibm.360`. Kama draivu yako ni ya 1.2M, yenye traki 80, ongeza `--tracks=step=2` wakati wa kusoma, la sivyo utasoma kila traki mara mbili na kushangaa. Faili la .scp ni zito, makumi ya megabaiti, lakini lihifadhi. Kesho akitokea mwenye programu bora ya kutafsiri, flopi yenyewe haitahitajika tena.

Hesabu ya boksi lile ilikuja hivi: katika zile 43, flopi 36 zilisoma mara ya kwanza, tano baada ya kusafishwa na kuhamishwa draivu, mbili zina mapengo. Imeji zote 43 hazifiki megabaiti 64. Video ya harusi ya dakika chache kwenye simu yako ni nzito kuliko hizo.

Hadidiski na betri

Ukipata kompyuta nzima, usikimbilie kuiwasha. Ifungue utafute betri kwenye madabodi. Za 386 na 486 nyingi zilikuwa na betri ya duara kama pipa dogo la bluu. Hizo huvuja na kula njia za shaba. Ikate kwa pilasi. Uchafu wa kijani unaoacha ni wa alkali, kwa hiyo unaupaka siki nyeupe kwa kijiti, unasubiri utoe povu, halafu unausafisha kwa spiriti. Hadidiski itoe, iunganishe kwa adapta ya IDE kwenda USB, na uisome kwa ddrescue ileile. Washa mara moja tu. Diski ya umri huo ikizima inaweza isizunguke tena.

Andika sasa hivi, si kesho

Kila imeji ipe jina lenye namba iliyoandikwa pia kwenye lebo ya flopi. Piga picha lebo. Mwandiko wa mtu ni ushahidi. Tengeneza faili la maandishi matupu, mimi naliita SOMA.TXT, lenye: ilitoka kwa nani, ofisi ya aina gani, ilitumika miaka ipi, iliandikwa kwa lugha gani, sekta ngapi hazikusomeka. Yale ambayo hayamo kwenye diski yaulize kwa mdomo wakati mwenye diski yupo hai na kikombe cha chai kipo mezani.

Mfano. Kwenye leja ya yule mzee nilikuta safu mbili: MALIPO_AWA na MALIPO_PIL. Nikadhani amekosea. Kumbe dBASE hairuhusu jina la safu kuzidi herufi kumi, akakata maneno. Na zile safu hazikuwepo kwenye nakala ya 1998. Aliziongeza mwaka 2007, stakabadhi ghalani ilipoingia kwenye korosho na mkulima akaanza kulipwa malipo ya awali, kisha ya pili baada ya mnada. Mabadiliko ya biashara nzima ya mkoa yamekaa kwenye majina mawili yaliyokatwa mkia.

Mwisho weka alama ya vidole ya kila faili:

`sha256sum *.img > hashi.txt`

Baada ya miezi sita, `sha256sum -c hashi.txt` itakuambia kama kuna faili lililoharibika. Weka nakala tatu: laptopu, hadidiski ya nje, na moja kwa mtu anayeishi mji mwingine. Flashi itumie kusafirishia tu.

Tahadhari ndogo. Flopi za enzi hizo zilijaa virusi vya sekta ya kuwashia kama Stoned na Michelangelo, kile kilichokuwa kinaamka kila tarehe 6 Machi. Havina nguvu kwenye laptopu yako, ila kizuia virusi chake kinaweza kufuta imeji nzima kimyakimya. Lipe folda hilo msamaha, na uandike kwenye SOMA.TXT kwamba kirusi kimo.

Kuiwasha tena

DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, inatosha kwa programu nyingi za DOS. Toa mafaili kutoka kwenye imeji kwenda folda moja, kisha ndani ya DOSBox:

`mount c ~/korosho`

`c:`

Halafu andika jina la programu. Ikilalamika "Runtime error 200", hiyo ni Turbo Pascal inayogawanya kwa sifuri kwa sababu kompyuta ina kasi mno. Bonyeza Ctrl na F11 mara kadhaa kupunguza mwendo, kisha jaribu tena. Ikitaka printa, hamia DOSBox-X, inaweza kuelekeza chapa kwenye faili. Ikitaka Windows 95 kamili, 86Box inaiga kompyuta nzima hadi madabodi, lakini itakula laptopu dhaifu. Kuhusu mfumo wa kuwashia, tumia FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994, ni bure na halali.

Data peke yake haihitaji hata hayo. Faili la .DBF, yaani jedwali la dBASE, linafunguka kwenye LibreOffice Calc moja kwa moja.

Kugawa bila kujitia matatani

Hapa ndipo wengi wanateleza, kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni hakimiliki. Programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kuwa ya zamani hakuifanyi iwe ya bure. Kampuni kutoiuza tena si ruhusa. Wenye mali wengine wametoa ruhusa wenyewe: Microsoft iliweka hadharani msimbo wa MS-DOS 1.25 na 2.0 kwa leseni ya MIT mwaka 2018, na wa 4.00 mwaka 2024. Hizo gawa. Nyingine hifadhi, usigawe. Kwa programu ya hapa nyumbani, mtafute aliyeandika, akupe barua yenye sahihi. Kama aliiandika akiwa kazini, mwajiri naye ana neno. Ilinibidi nikae na viongozi wa chama cha yule mzee vikao viwili mpaka wakaelewa kwamba siombi fedha wala hesabu zao.

Upande wa pili ni hesabu zenyewe. Leja ina majina ya watu, kilo zao, walicholipwa na walichodaiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hayo, na hata bila sheria, si vyema deni la babu wa mtu lisomwe na dunia. Sasa sikiliza kwa makini: kufuta faili ndani ya imeji hakutoshi. DOS ikifuta inabadilisha herufi ya kwanza ya jina na kuandika kwamba nafasi iko wazi, yaliyomo yanabaki palepale. dBASE nayo ikifuta mkulima inamwekea alama ya nyota tu mpaka mtu aamuru PACK. Kwa hiyo imeji ya asili inabaki kwako na kwa mwenyewe. Ya kugawa unaiunda upya, tupu, kisha unaingiza programu peke yake:

`mformat -C -f 1440 -i safi.img ::`

`mcopy -i safi.img KOROSHO.EXE ::`

Jedwali la data liumbe jipya lisilo na mtu, kwa amri ya dBASE `COPY STRUCTURE TO TUPU`. Ongeza wakulima wawili wa kubuni ili mtumiaji aone inavyofanya kazi.

Baada ya hapo njia ni nyingi. Funga zipu moja yenye imeji safi, SOMA.TXT, picha za lebo na hashi. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, inapokea, na programu nyingi za DOS zinaendeshwa mle mle kwenye kivinjari bila kusakinisha. Msimbo, yaani yale mafaili ya .PRG, unaweza kuufikisha Software Heritage, hifadhi ya msimbo wa programu. Kwa jamaa wa karibu, WhatsApp inafaa ukituma kama dokyumenti. Na mwenye kompyuta halisi ya zamani mwandikie flopi mpya, au mshauri aweke Gotek, kifaa kinachokaa mahali pa draivu na kusoma imeji kutoka flashi.

Flopi zenyewe zirudishe kwa mwenyewe, zimesimama wima kama vitabu, ndani ya kontena linalobana pamoja na vile vipakiti vya silika, mbali na bati na spika. Vipakiti uvikaushe kila baada ya masika.

Siku nilipomwashia mzee, skrini ya bluu ilikuja na orodha yake: MKULIMA, DARAJA, UZTO. Akavaa miwani. "Hiyo UZTO," akasema, "miaka yote ile hakuna aliyeniambia?" Akataka nirekebishe. Nikamweleza kuwa ile ya asili haiguswi, hata kwa herufi moja. Lakini .PRG ilikuwepo, na Harbour inaelewa Clipper, ni ya bure. Nikafungua nakala, nikaiita toleo la pili, nikamsogezea kibodi. Akaitafuta I kwa kidole kimoja.